Jicho la Mtoto Lisisubiri Darasa la Kwanza

Dada zetu wa visiwani, mama wachanga na bibi harusi watarajiwa.

Tunawaandikia kutoka Kyela, huku unakotoka mchele wenu wa pilau, ukishuka milima ya Rungwe kabla hujafika Ziwa Nyasa. Sisi ni mafundi wa kike. Tunashona buibui, magauni ya harusi na sare za madrasa. Leo hatuzungumzii vitambaa wala mitindo. Tunazungumzia macho ya watoto wadogo, kwa sababu kwenye duka la fundi watoto wote hupita, wakishikwa mkono na mama zao, na fundi ana kawaida ya kutazama kama kitu kimekaa sawa au kimekwenda upande.

Msimamo wetu tunausema mapema. Mtoto ambaye jicho lake bado linakwenda pembeni baada ya kutimiza miezi 4 apelekwe kwa mtaalamu wa macho. Asisubiri kuanza shule. Na akiandikiwa miwani, avae miwani, awe wa kiume au wa kike. Neno "ataacha akikua" tumelisikia sana, na tunaona umefika wakati wa kuliweka chini.

Kazi mbili, kamba moja

Kila anayetumia cherehani anajua kwamba mshono mmoja una nyuzi mbili, uzi wa juu na uzi wa bobini. Ukikaza wa juu ukalegeza wa chini, mshono unajikunja. Macho nayo yana kazi mbili za namna hiyo, na zinakwenda pamoja.

Kazi ya kwanza ni kukaza. Ndani ya jicho kuna lenzi laini na msuli mdogo unaoizunguka. Tukitazama kitu cha karibu, msuli unajibana, lenzi inanenepa na kitu kinaonekana wazi. Tukitazama mbali, msuli unalegea. Kazi ya pili ni kuelekeza. Kitu kikiwa karibu, macho yote mawili hugeuka kidogo kuelekea pua ili yakutane hapo kilipo. Kikiwa mbali, yananyooka.

Ubongo hutuma amri za kazi hizo mbili kwa pamoja. Ukikaza, macho yanajivuta ndani yenyewe. Jaribu sasa hivi: shika sindano mbele ya uso wako uitazame tundu, kisha isogeze karibu na pua. Utahisi macho yanakaza na yanaingia ndani kwa wakati mmoja. Halafu fumba jicho moja ujaribu kutunga uzi. Utaona unakosa tundu mara mbili tatu, kwa sababu jicho moja halitoi vizuri habari ya kina, yaani kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Mtoto hazaliwi na ushirikiano huo ukiwa umekamilika. Anaujenga katika miezi ya mwanzo. Mama akijua hivyo, hatashtuka pasipo sababu, wala hatakaa kimya wakati wa kusema ukifika.

Miezi ya mwanzo: mtoto anajifunza kukutanisha

Mtoto mchanga huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Huo ndio umbali wa kutoka titi la mama hadi uso wake. Subhanallah, kabla mtoto hajajua kutazama mlango, ameshawekewa uso wa mama mahali anapoweza kuuona.

Katika wiki hizo za kwanza macho yake hutangatanga. Mara yanakutana, mara moja linaingia ndani, mara yanaachana. Hilo peke yake si ugonjwa. Uingereza kuna mtafiti wa macho aitwaye Anna Horwood, ambaye aliwatumia akina mama wenye taaluma ya macho wawachunguze watoto wao wenyewe nyumbani, siku hadi siku. Katika matokeo yaliyochapishwa 2003 ilionekana kwamba kwenda upande kwa macho ni jambo la kawaida mwezi wa kwanza, mara nyingi kwa kuingia ndani, na hupungua sana mtoto anapopita miezi 2. Maelezo yake ni kwamba mtoto anajifunza kukutanisha macho na wakati mwingine anapitiliza, kama mwanafunzi wetu wa cherehani anayekanyaga pedali kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Baina ya miezi 2 na 4, kukaza kunaanza kufuata umbali wa kitu. Mtoto anatazama kidole cha mama, kisha anatazama pazia, na vyote anaviona. Macho yanaanza kuingia pamoja kitu kinaposogea na kutoka pamoja kinapoondoka. Kuanzia miezi 3 hadi 5 anaanza kuona kina, na hapo ndipo mkono unaanza kunyooshwa kufuata hereni yako au ncha ya mtandio.

Rowan Candy na wenzake katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, wamekuwa wakiwapima watoto wachanga kwa kamera zinazotumia mwanga usioonekana. Kamera hizo hupima kwa pamoja jicho linakaza kiasi gani na linaelekea wapi. Kazi yao imeonyesha kuwa hata watoto wa miezi michache huzitumia kazi hizo mbili kwa pamoja, ingawa vipimo vya miili yao vinabadilika kila wiki.

Sisi mafundi tunaielewa vizuri shida hiyo ya vipimo. Jicho la mtoto anayezaliwa lina urefu wa milimita 17 hivi kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima hufika 24 hivi. Kutoka katikati ya jicho moja hadi la pili, mtoto mchanga ana sentimita 4 hivi, mtu mzima ana 6 au zaidi kidogo. Maana yake ubongo unashona nguo ya mwili unaokua, na kila mara lazima upime upya. Kwa watoto wengi, alhamdulillah, upimaji huo unakwenda sawa. Kwa baadhi unakwama, na hapo ndipo panapohitaji mtu mzima wa kuona.

Kengeza la mwaka wa 2 au wa 3

Kuna kengeza linaloanza mapema kabisa, na kuna linalochelewa. Hilo la kuchelewa ndilo linalowachanganya wazazi zaidi, kwa sababu mtoto alikuwa na macho mazuri kwenye picha zote za akika.

Karibu kila mtoto anazaliwa na jicho fupi kidogo, ambalo hulazimika kukaza zaidi ili lione wazi. Jicho likikua, hali hiyo hupungua. Lakini wapo watoto wanaobaki na ufupi mkubwa. Huyo kila anapotazama kitu anakaza kupita kiasi, hata kitu cha mbali. Na tumeshasema, kukaza kunavuta macho ndani. Si wote wenye hali hiyo wanaopata kengeza, lakini kwa wengine kamba inavutwa mpaka jicho moja linaingia. Mara nyingi huanza kuonekana kati ya miaka 2 na 4, mwanzoni kwa kuja na kuondoka: mtoto akichoka, akiwa na homa, au akikazania kitu cha karibu.

Mteja wetu mmoja alileta binti yake wa miaka 3 tumpime gauni la Idi. Mtoto alipokuwa anachezea kifungo, jicho la kushoto liliingia ndani. Alipogeuka kutazama bodaboda barabarani, likanyooka. Bibi yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akasema amemwiga mtoto wa jirani na ataacha. Mama akatuambia ameshauliza mahali fulani panapouzwa dawa, akaambiwa asubiri mtoto afike darasa la kwanza.

Hakusubiri. Alipanda gari hadi Mbeya. Mtoto akatiwa matone ya kupanua mboni, akapimwa, akaandikiwa miwani. Wiki chache baadaye walipokuja kuchukua shungi la madrasa, mtoto alikuwa ametuvalia miwani yake na macho yote mawili yamenyooka. Akiivua, jicho linaingia tena. Mama alifikiri miwani imeshindwa. Daktari alikuwa amemweleza kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe: miwani inakaza kwa niaba ya mtoto, kamba inalegea, jicho linarudi mahali pake. Ukiiondoa, mtoto anarudi kujikazia mwenyewe.

Siku ya Idi mtoto alipita dukani na gauni letu, na macho yake hayakuwa na miwani. Bibi aliificha ili isiharibu picha. "Mtoto wa kike huyu, nani atamwoa na miwani ya utotoni?"

Kinachopotea ni uoni

Hapo ndipo tunapotaka kusimama na ninyi, dada zetu, kwa sababu tunajua swali la bibi yule halikuanzia Kyela wala halitaishia Kyela.

Jicho likienda upande, ubongo unapata picha mbili zisizolingana. Mtu mzima angeona vitu viwiliviwili. Mtoto hufanya jambo jingine: ubongo wake unaizima picha ya jicho lililopotoka. Likizimwa miezi na miaka, jicho hilo linabaki bila kujifunza kuona. Madaktari huliita jicho vivu. Kwa nje linaweza kuonekana zima kabisa, lakini njia yake ya kwenda kwenye ubongo haikufunzwa wakati wa kufunzwa. David Hubel na Torsten Wiesel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na sehemu ya kazi yao ilikuwa kuonyesha kwamba jicho likikosa kutumika katika kipindi cha utoto, ubongo huliachia nafasi jicho jenzake.

Kwa hiyo anayeficha miwani ya mtoto ili apendeze kwenye picha, kwa nia njema kabisa, anaweza kuwa anamnyima jicho moja la maisha. Tiba ya jicho vivu ni miwani, na mara nyingi kulifunika lile jicho zima saa kadhaa kwa siku ili lile vivu lifanye kazi. Hufaulu zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka 7. Anayeanza akiwa mkubwa anaweza kupata nafuu, lakini kazi inakuwa nzito zaidi. Wapo pia wanaohitaji upasuaji wa misuli ya jicho, na hata hao kwanza hupimwa kama wanahitaji miwani.

Ama ndoa, tuseme ukweli sisi tunaoshona magauni. Mume anayemkataa mwanamke kwa miwani tusimsikitikie kumkosa. Na mwanamke asiyeona vizuri kwa jicho moja hupata tabu kutunga uzi, kushona kofia, kumimina chai ya moto kwenye kikombe. Bibi anayejali mjukuu wake aolewe vizuri amwache avae miwani sasa.

Maneno mengine tunayoyasikia

"Ametupiwa kijicho." Kumsomea mtoto ni jambo jema, nasi tunawasomea wetu. Lakini dini yetu inatuhimiza pia kutafuta tiba, na kisomo na miwani havigombani. Msomee ukiwa njiani kwenda hospitali.

"Mpake wanja." Wanja haunyooshi jicho. Baadhi ya wanja unaouzwa madukani na mitaani una madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto. Ncha ya kijiti nayo inaweza kumchoma. Uzuri wa wanja tuuache kwa bibi harusi, tena ajue ameununua wapi.

"Mwache gizani mpaka arobaini itimie." Kumpumzisha mzazi na mwanawe ni mila nzuri. Lakini fungua dirisha mchana. Mtoto anahitaji kuona uso wako ili ajifunze kukaza na kukutanisha. Mnyonyeshe titi hili na lile, ili akutazame kutoka pande zote mbili.

"Si kengeza, ni pua tu." Hili wakati mwingine ni kweli. Watoto wetu wengi wana daraja pana la pua, na ngozi hufunika sehemu nyeupe ya jicho upande wa ndani, basi jicho linaonekana limeingia kumbe limenyooka. Mpige picha ya mbele kwa mwanga wa simu, akikutazama. Katika kila jicho utaona nukta ndogo ya mwanga. Zikiwa mahali pamoja kwenye macho yote mawili, huenda ni pua. Nukta moja ikiwa katikati na nyingine imekwenda pembeni, nenda hospitali. Na ukiwa na shaka nenda tu, picha si daktari.

Yasiyosubiri hata siku

Mambo mengine hayangoji miezi 4. Jicho lililopinda moja kwa moja bila kurudi, hata kwa mtoto wa mwezi mmoja. Mboni inayong'aa nyeupe, usoni au kwenye picha, kama jicho la paka usiku. Hiyo inaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ya watoto ambayo huua isipotibiwa, na ambayo wakati mwingine dalili yake ni kengeza tu. Macho yanayochezacheza bila kutulia. Mtoto wa miezi 3 asiyeutazama uso wa mama wala kufuata kitu.

Hapa Tanzania, utafiti juu ya watoto wenye mtoto wa jicho uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba wengi walifikishwa hospitali muda mrefu baada ya nyumbani kugundua tatizo. Umbali wa hospitali ulichangia, na elimu ndogo ya mama ilichangia pia. Kule kugundua kulifanyika nyumbani, na kazi hiyo mara nyingi ni ya mama. Kilichochelewa ni safari.

Tunajua safari. Mama wa Ikombe, kule wanakofinyanga vyungu, hupanda mtumbwi hadi Matema, kisha gari hadi Kyela mjini, kisha zaidi ya kilomita 100 za kupanda kupitia Tukuyu hadi Mbeya. Kama ni msimu wa kuvuna mpunga au kuanika kakao, anaacha mapato ya siku 2 au 3. Sera ya serikali inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure katika vituo vya umma, lakini nauli, chakula na mara nyingi miwani hutoka mfukoni. Ninyi wa Unguja mna Mnazi Mmoja karibu. Ikibidi kuvuka, CCBRT na Muhimbili ziko Dar es Salaam. Mkiwa nayo karibu, itumieni.

Tunachopendekeza

Kwanza, tuitumie kadi ya kliniki. Baadhi ya chanjo za mwanzo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wiki 14 ni miezi 3 na zaidi kidogo, wakati ambao macho yanapaswa kuwa yameanza kutulia pamoja. Siku hiyo, baada ya mizani na sindano, mwambie muuguzi: "Dada, nitazamie na macho yake." Mwambie tena kwenye chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18. Haichukui dakika nyingi, na hakuna nauli ya ziada.

Pili, tuulizane kwenye posa. Tunaulizana kazi, ukoo, hata nani ana kisukari. Kengeza la utotoni na miwani ya namba kubwa hurudi katika familia. Haliulizwi ili mchumba akataliwe, audhubillah. Linaulizwa ili mtoto atakayezaliwa apimwe mapema, hata kama macho yake yanaonekana mazuri. Mume aliyewahi kuvaa kiraka cha jicho utotoni amwambie mkewe, na mke naye hivyo hivyo.

Tatu, kina mama wakwe na bibi tuwaingize kwenye mazungumzo. Wao ndio wanaokaa na mtoto mama akienda sokoni. Bibi akielewa kwa nini miwani inavaliwa, hakuna atakayeivua. Yule bibi wa mteja wetu alielezwa na daktari mwenyewe kwenye safari ya pili, na sasa ndiye anayeifuta kwa kipande cha kitambaa laini tulichomkatia dukani.

Nne, kwenye kapu la mama mzazi tunaweka kanga, sabuni, mafuta na uji. Tuongeze bahasha ndogo ya nauli ya hospitali. Isipotumika, alhamdulillah, atamnunulia mtoto viatu.

Mwenyezi Mungu awajaalie wanaotarajia wajifungue salama, na awape watoto wetu macho ya kuona yaliyo ya kheri.